Juu ya Kichwa cha Mama Mkwe

Kama hukulipata gazeti la wiki iliyopita, au ulilikuta limeshafungiwa maandazi, pole sana. Nakupa kwa kifupi, maana aibu zangu ni nyingi na ukurasa ni mdogo.

Naitwa Denis, Mpimbwe wa Majimoto, fundi wa kupogoa miti hapa mjini Mpanda. Kazi niliijulia misheni, nikipunguza mikaratusi ya mapadri. Mvua za El Nino zilipoangusha miti ya mji na kuilegeza iliyobaki, nikaona riziki imeniita kwa jina. Nikachukua kipande cha bati, nikaandika DAKTARI WA MITI, nikakitundika njia ya stesheni. Wateja wangu wa kwanza walikuwa wagonjwa wa homa na tumbo, wakitaka niwachemshie mizizi. Mmoja nilipomkatalia alinitangaza mtaa mzima kwamba nina roho mbaya.

Kampuni yangu ni ya watu wawili. Mimi hupanda juu, na Cletus hubaki chini ameshika kamba. Cletus ni mtu mzima mwenye mke na watoto, kanizidi umri, na huniita bosi kwa sauti inayowafanya watu wacheke.

Wiki iliyopita niliwasimulia jinsi tawi letu lilivyoangukia mlango wa choo cha mwalimu Getrude, mwenyewe akiwa ndani, na matusi aliyonipa kupitia tundu la ukutani mpaka tulipomfungulia. Nikawaambia pia kwamba pamoja na sifa hizo nilithubutu kupeleka posa kwa mzee Masele, Msukuma mwenye ng'ombe njia ya Kakese, nikimtaka binti yake Minza.

Mzee hakunifukuza. Ndipo nilipokomea.

"Kijana, mimi kwangu umepita," alisema. "Amebaki mama yake. Yuko Kahama kwenye msiba. Akirudi atasema."

"Akirudi nije nimsalimie?"

Mzee Masele aliweka kikombe chini.

"Umsalimie nani? Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Umeshapeleka posa, tayari umeshaanza kumwogopa. Ukimwona njiani, pita porini. Ukisikia sauti yake, geuza baiskeli."

"Sasa atanijuaje, mzee?"

"Atakujua kwa sifa zako."

Niliondoka pale. Sifa zangu zote zilikuwa chooni kwa mwalimu Getrude.

Hebu niseme hili wazi kabla hamjaanza kunicheka. Nampenda Minza. Watu wote wa Mpanda wakinikuta juu ya mti huniuliza kama nimewahi kuanguka. Yeye siku ya kwanza alisimama na ndoo yake kichwani, akaniuliza naona nini huko juu. Nikamwambia naona stesheni, naona mabati ya soko, naona na milima ya upande wa Sitalike. Akaniambia niwe namsimulia kila siku. Tangu hapo sijapanda mti bila kutafuta kitu cha kwenda kumwambia. Nikimkosa huyu, sijui nitapanda miti kwa ajili ya nani.

Basi sikilizeni yaliyonipata.

Mzee Bartolomeo, mstaafu wa reli mwenye mashine ya kusaga, aliniita nikamkatie tawi la mjohoro. Mti wenyewe umesimama mbele ya mashine yake, na chini yake kuna gogo ambalo akina mama hukalia wakisubiri zamu. Tawi moja nene lilikuwa limeoza shingoni na lilikuwa limening'inia juu kabisa ya hilo gogo.

"Sitaki mteja wangu afe kabla hajalipia unga," mzee Bartolomeo alisema. "Na nyie mkiangusha mashine yangu, msirudi mjini."

Mashine siku hiyo ilikuwa kimya kwa sababu mkanda wake ulikuwa umekatika. Mkanda mwingine alikuwa ameuagiza Tabora, na ulikuwa unakuja na treni. Treni yenyewe ilitarajiwa juzi.

Sasa tawi kama lile halikatwi likaachwa lijidondokee. Unalifunga kamba, unaipitisha kamba kwenye panda ya juu, ncha inashuka mpaka kwa mtu wa chini. Wewe unakata. Tawi likikatika linabaki limening'inia, na mtu wa chini analishusha polepole mpaka chini. Kwa hiyo uhai wa kila kitu kilicho chini unategemea mtu mmoja. Kwangu mtu huyo ni Cletus.

Nilipanda na msumeno mgongoni. Nikafunga kamba, nikaipitisha kwenye panda, nikaanza kukata. Nilipochuchumaa vizuri nikasikia nyuma yangu sauti ya kitambaa kikiachana. Kaptula yangu ilikuwa imepasuka kuanzia kiunoni hadi mahali nisipoweza kupaandika gazetini.

"Bosi," Cletus aliita kutoka chini, "jua linakuingia mpaka wapi?"

"Shika kamba!"

Nikaendelea. Tawi lilikuwa limebakiza kipande kama unene wa mkono wa mtoto hivi, nikasikia honi upande wa stesheni. Treni ya Kaliua ilikuwa imeingia. Mnaijua Mpanda treni ikiingia. Mwenye mgeni anakimbia, na asiye na mgeni anakimbia akaone wageni wa wenzake. Mzee Bartolomeo alitoka kwenye kibaraza chake akiwa ameshika kofia, akatokomea.

Cletus akaanza kuifunga kamba kwenye nguzo iliyo kando ya gogo, pale wanapofungia punda.

"Cletus! Unafanya nini?"

"Shemeji yangu yumo kwenye treni, bosi. Kaleta dagaa."

"Tawi liko nusu!"

"Nimelifunga. Hata tembo hafungui hapa."

"Rudi hapa wewe!"

"Nakuja sasa hivi," alisema, akiwa tayari yuko barabarani.

Ningeshuka. Kila mtu ananiuliza kwa nini sikushuka. Lakini misheni nilifundishwa kwamba tawi lililokatwa nusu haliachwi peke yake, na mimi huwa nakumbuka masomo siku mbaya. Nikakaa kwenye panda, nikawa natafuta kitu cha kwenda kumwambia Minza.

Nikamwona Minza mwenyewe.

Alikuwa anakuja na beseni la mahindi kichwani, amejifunga kitenge cha njano. Nilifurahi nikataka kuita. Kisha nikaona nyuma yake mama mmoja mrefu, naye ana gunia dogo kichwani na kikapu mkononi, anatembea bila haraka.

"Mayu, mashine imefungwa," Minza alisema.

Kwa Wasukuma mayu ni mama. Yule wa Kahama alikuwa amerudi, na miguu yake ilikuwa inamleta moja kwa moja chini yangu.

"Watakuwa wamekwenda kwenye treni," mama alisema. "Tukae hapa kwenye kivuli."

Wakatua mizigo, wakakaa kwenye gogo.

Jiwekeni mahali pangu. Mzee Masele aliniambia nikimwona huyu mama nipite porini. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya kichwa chake, kaptula imepasuka, na njia pekee ya kushuka ilikuwa shina ambalo yeye aliliegemea mgongo. Nikikohoa, atatazama juu. Akitazama juu, ataona vitu ambavyo hata mganga simwonyeshi bila kuzima taa. Nikaamua kuwa sehemu ya mti.

Nadhani ningefanikiwa, kama wasingekuwapo sisimizi wekundu. Mjohoro ule ulikuwa wao kabla haujawa wa mzee Bartolomeo. Waliiona ile kaptula kama mlango uliofunguliwa kwa ajili yao, wakaingia.

Huko chini mazungumzo yalikuwa yameanza, na yalikuwa yananihusu.

"Baba yako kaniambia habari za huyo Mpimbwe," mama alisema.

"Ndiyo, mayu."

"Anaishi juu ya miti."

"Haishi juu ya miti. Anafanya kazi. Ana kampuni."

"Kampuni gani? Watu wawili na msumeno? Nimeshuka tu jana, nimeshahadithiwa na watu habari ya mwalimu aliyefungiwa chooni."

"Lile lilikuwa bahati mbaya."

"Ya mwalimu au ya choo?" Mama alicheka peke yake, kisha akaacha. "Minza, mwanangu, mimi simchukii. Sijamwona. Lakini mtu wa ng'ombe akifa anaacha ng'ombe. Huyu akianguka ataacha nini? Ataacha kamba."

Mimi kule juu, nikiwa naliwa, nilijikuta nakubaliana na yule mama. Alikuwa ametaja mali yangu yote isipokuwa msumeno.

Minza aliinamisha kichwa, na hapo macho yake yakaangukia viatu vyangu vya matairi chini ya shina. Anavijua, maana kimoja kina kishikizo cha waya. Akatulia. Kisha akatazama juu taratibu, macho yetu yakakutana.

Nikamwonyesha kwa mkono: muondoe.

Akakodoa macho: nimpeleke wapi?

"Umeona nini?" mama aliuliza.

"Ndege, mayu."

"Ndege gani?"

"Mkubwa. Hana akili."

"Basi muache, asije akatunyea."

"Mayu, twende tukakae kule kibarazani. Hapa kuna sisimizi."

"Kibaraza cha mtu mwenyewe hayupo? Tuonekane wezi? Tulia, tule." Akavuta kikapu chake, kisha akalitazama gunia. Kamba ya mdomo wake ilikuwa imekatika na mahindi yalikuwa yanatiririka mchangani. "Tazama hii hasara. Niokotee kitu cha kufungia."

"Sioni kitu, mayu."

"Na ile?"

Alikuwa anaitazama nguzo ya punda.

"Kamba nzuri ya katani imefungwa bure kwenye nguzo," mama alisema akinyanyuka. "Nitaazima ncha tu."

"Mayu, usiiguse! Ya watu!"

"Ndiyo maana nasema naazima."

Fundo la Cletus ambalo tembo asingelifungua, yule mama alilifungua kwa mkono mmoja huku akiongea.

Niliiona kamba ikilegea kwenye panda, hapo kando ya goti langu. Nikaidaka kwa mikono miwili. Wakati huohuo nikasikia tawi likilia mahali nilipolikata, ule mlio mdogo ambao ukiusikia unajua hakuna tena cha kusubiri. Na mama alikuwa amerudi kukaa palepale, amelikumbatia gunia lake, anafunga.

Nasema kweli, katika hali ile nilipata muda wa kufikiri kitu cha kijinga. Nilifikiri: nikipiga kelele, nimemkosa Minza. Kisha nikapiga kelele.

"Mayu! Kimbia! Toka hapo!"

Minza alimrukia mama yake, wakabiringika wote wawili mpaka kwenye ukuta wa mashine. Tawi likakatika. Nililizuia kidogo sana, kamba ikanichuna viganja, ikaninyakua kwenye panda. Tawi likaangukia gogo kwa kishindo, gunia likapasuka, mahindi yakaruka hewani yote.

Mimi sikufika chini. Nilidaka tawi la chini kwa mikono, nikabaki nimening'inia miguu ikichezacheza, nyuma yangu kukiwa wazi kuelekea barabarani.

Barabarani kulikuwa na abiria wote wa treni ya Kaliua, wanarudi mjini na mizigo yao.

Mbele yao alikuwa mzee Bartolomeo na mkanda wa mashine shingoni, pembeni yake Cletus na kiroba cha dagaa. Wakasimama. Watu wa nyuma wakasukumana waone wa mbele wanaona nini. Mtu mmoja akauliza kama ndiyo karibu ya Mpanda.

Lakini mimi sikuwa na habari nao. Nilikuwa namtazama yule mama. Alinyanyuka, akajikung'uta vumbi, akaliangalia gogo alipokuwa amekaa. Tawi lilikuwa limelivunja katikati. Alilitazama kwa muda mrefu.

Nikajua sasa atajifunika kitenge uso, atageuka, ataondoka, na posa yangu itaondoka naye.

Hakujifunika. Aliinua uso akanitazama machoni, pale nilipokuwa naning'inia.

"Wewe ndiye Denis?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe, mama. Sikutaka kukaa juu yako."

"Shuka, mwanangu."

Mwanangu! Niliachia tawi nikaangukia mchangani kwa makalio, na sikusikia maumivu. Cletus alinivalisha kiroba cha dagaa kiunoni kwa nyuma, dagaa zikiwa bado zimo. Mzee Bartolomeo akanipa mkono.

"Kijana, leo umepata mama," alisema. Abiria wakapiga makofi. Mama mmoja mwenye kuku kwapani akapiga vigelegele, na kuku naye akaitikia.

Mama yake Minza alikuwa ametandika kitenge chini, mbali na tawi. Akatoa kwenye kikapu matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha vilivyokaushwa juani hadi vikawa vigumu, akayamwaga katikati.

"Watu wote mnaona," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma. "Huyu kaniponya na kifo. Kaa hapa, mwanangu. Ule na mimi."

Nilikaa. Sijui kama mnaelewa furaha niliyokuwa nayo. Wiki nzima nilikuwa napita vichochoroni nikimwogopa mtu huyu, na sasa alikuwa ananinawisha mikono yeye mwenyewe, anamwaga maji polepole pale palipochunika ili yasiniume. Nilianza kuwaza harusi. Nilimwona Cletus amevaa suti.

Mama akachagua kipande kikubwa, akanilisha kwa mkono wake mbele ya watu. Nikafungua mdomo.

Ndipo nikamwona Minza. Alikuwa amebaki pale ukutani, hakupiga makofi, na machozi yalikuwa yanamtoka.

Nilidhani ni furaha. Nikamchekea, tobolwa likiwa shavuni.

Akasogea nyuma yangu kana kwamba anaokota mahindi, akainama.

"Denis, usile," alininong'oneza.

Nikamgeukia kwa macho.

"Baba hakukwambia? Kwetu mtu hali na mama mkwe wake, hata awe anakufa njaa. Anayekula na mama yangu kwenye chombo kimoja ni mtoto wake wa kumzaa. Ukimeza hicho mbele ya watu wote hawa, umekuwa kaka yangu."

Nikakumbuka mama yake alivyonitazama machoni. Mimi mpumbavu nilidhani ni msamaha.

"Anajua anachofanya?" nilimuuliza kwa shida, mdomo umejaa.

"Mama? Mama anajua siku zote," Minza alisema.

Nikamtazama yule mama, nione kama ni shukrani au ni hukumu. Uso wake ulikuwa mpole kabisa. Nikitema, nimemtemea mate mwanamke aliyeniita mwanawe mbele ya treni nzima. Nikimeza, nitakwenda harusini kwa Minza kama kaka wa bibi harusi. Tobolwa lilianza kulainika lenyewe ulimini, tamu, na mate yalinijaa mdomoni nikiyazuia kwa koo langu lote.

Makofi yalikuwa yamekwisha. Watu walikuwa wananitazama.

Mama yake Minza akaninyooshea kipande kingine.

"Mbona hutafuni, mwanangu?"